Mpangaji Mwenzangu Anawaamkia Watu Kupitia Barua Zangu

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na nakuomba usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu hata mimi ningekuwa ndiye ninayeisoma barua hii kwenye gazeti ningecheka halafu ningegeuza ukurasa nitazame matangazo ya nyumba za kupanga.

Mimi ni mfasiri, mwanamke, naishi peke yangu chumba kimoja juu ya duka la dobi, na kazi yangu yote inakuja na kuondoka kwa barua pepe, mtu ananitumia mkataba au ripoti ya daktari, nafasiri, narudisha, basi, sura zao sizijui na wao yangu hawaijui. Zamani nilikuwa na kikasha cha bure kwenye kampuni kubwa kama watu wote, mpaka siku moja nikaambiwa akaunti yako imefungwa, umekiuka masharti, masharti gani hawasemi, na ukiuliza unajibiwa na mashine, na mle ndani kulikuwa na kazi za miaka na anwani za wateja na barua za marehemu baba yangu, vyote vikaenda hivyo hivyo, nikalia mpaka sauti ikakauka, halafu nikaapa kwamba sitaweka tena vitu vyangu kwenye nyumba ambayo ufunguo anao mtu mwingine. Nikaamua niwe na seva yangu mwenyewe ya barua pepe.

Kuamua ni rahisi, Shangazi, ila seva lazima ikae mahali. Nyumbani haikuwezekana kwa sababu kampuni inayoniuzia intaneti haikubali mtu atume barua kwa mashine yake, na kwenye kampuni za maana bei zao ni za watu wenye ofisi na lifti, na zile za bei poa nilizijaribu moja baada ya nyingine na kila nikituma kazi inaangukia kwenye kapu la taka la mteja. Nilikuja kuelewa kwamba kila seva ina namba yake, na wakubwa wa barua pepe wanaikagua namba hiyo kabla hawajafungua mlango, kama iliwahi kukaliwa na tapeli inabaki na harufu yake, na kama ni mpya kabisa nayo haiaminiki, mpaka ionekane kwamba ikituma barua watu wanazifungua na kuzijibu. Mafundi wanaita kuipasha namba moto. Za kwangu zilikuwa baridi au chafu, wateja wakawa wananiambia hujaleta kazi, na mimi nimeshaleta, mmoja akaondoka, akafuata mwingine, nikaanza kula mkate mkavu mchana na jioni na kumwambia dobi kwamba nimefunga.

Ndipo jirani mwenye duka la fotokopi akanipeleka kwa mzee mmoja wanayemwita Swichi, mstaafu wa shirika la simu, ambaye amepanga chumba cha nyuma ya duka hilo. Humo ndani hakuna dirisha, kuna rafu za mbao ukuta mzima na kompyuta kuukuu zimelazwa ubavu bila mifuniko, feni mbili, harufu ya vumbi lililopata moto, na kila mashine imebandikwa kipande cha plasta chenye kazi ya mwenyewe, Mwalimu, Kwaya, Fundi Viatu, Mpimaji. Nikamwamkia, nikamwambia natafuta pa kuweka seva kwa bei nafuu. Akaniuliza, "Unataka kubwa au unataka yenye heshima?"

Akanionyesha ile ya Mpimaji. Akasema namba yake haijawahi kuguswa na uchafu, alikuwa akikaa nayo mwanamke mmoja mpimaji wa ardhi, na mimi nikikaa naye humo barua zangu zitapokelewa kila mlango, na kodi aliyoitaja ilikuwa chini ya ninachomlipa dobi kwa mashuka. Nikashtuka, nikamuuliza kuna nini.

"Masharti mawili," akasema. "Kuna salamu inatoka humo kila asubuhi, usiiguse. Na majibu yake yakija, uyasome kwanza ndipo uyafute. Siyo kufuta tu kama unafagia."

"Kwa nini mwenyewe asiyasome?"

"Yuko porini."

Akanieleza kwamba kazi ya Mpimaji ilikuwa ya kukaa porini kusiko na mtandao, na mama yake ni mtu wa kuamkiwa, asipoamkiwa siku nzima inamharibikia, kwa hiyo binti akaiwekea mashine salamu ijitume yenyewe, Shikamoo mama, nimeamka salama, ule kabla ya kumeza dawa. Mama anaamka, anasoma, anaitikia. Swichi akasema hiyo ndiyo siri ya ile namba, kwamba barua za biashara watu wanazipuuza, lakini shikamoo nani ataiacha chini bila kuitikia, kwa hiyo namba haijawahi kupoa. "Huyo mama ndiye anayekulipia kodi," akaniambia. Nikaona ni jambo zuri tu, nikahamia.

Na kweli barua zikaanza kufika. Wateja wakarudi, wakaja na wapya. Na kila asubuhi nikawa nafungua jibu la yule mama, Marahaba mwanangu, mguu leo afadhali, Marahaba mwanangu, paka wa jirani kazaa kwenye kapu langu la nguo, nalisoma nikiwa na mkate wangu mkononi, halafu nalifuta kama nilivyoagizwa, na kwa kweli Shangazi nikawa nayasubiri.

Sasa sikiliza. Ninaye mteja mmoja, mhasibu wa kampuni ya bima, mtu mzima, mkavu, tangu nimjue hajawahi kuniandikia zaidi ya neno moja, Imepokelewa. Siku hiyo namtumia kazi, ananijibu, "Marahaba mwanangu. Imepokelewa. Na wewe ujitunze." Nikajua amekosea, alikuwa anamjibu binti yake. Kesho yake mama mmoja wa shirika la misaada naye, marahaba. Kisha wakili. Halafu mwanafunzi wa chuo ninayemfasiria tasnifu akaniandikia, "Dada, shikamoo tena? Mimi mdogo wako jamani, umenizeesha." Mimi sikumwamkia mtu yeyote. Barua zangu ni fupi, ndugu pokea kazi, ahsante, jina. Nikafungua nakala zangu zote nilizotuma, nikazisoma juu mpaka chini, hakuna shikamoo hata moja.

Nikaenda kwa Swichi. Akaikagua mashine mbele yangu, akachungulia kila mahali pa kuchungulia, akasema maneno hayo humu hayamo.

"Sasa yanatoka wapi?"

"Wateja wamelalamika?"

"Hapana. Siku hizi wanalipa mapema."

"Basi unalalamika nini?"

Nikamwambia mimi nataka kuzungumza na Mpimaji mwenyewe, anarudi lini. Akavua miwani akaifuta na shati, akasema, "Hayupo." Nikamuuliza hayupo wapi. Akasema, "Hayupo tu, dada. Gari lao lilipinduka kabla wewe hujaja." Nilikuwa nimeegemea rafu, nikajitoa. Akaniambia mazikoni alikwenda mwenyewe, akamwona yule mama akitupa udongo kwa mkono wake, na alipotoka makaburini alikuwa ameshaamua kwamba kesho akifika anaizima ile salamu. "Nikafika nikakuta imeshatoka," akasema, "na mama ameshajibu. Hapo ungekuwa wewe ungezima?"

"Alijibu nini?"

"Marahaba. Neno hilo tu."

Nilirudi kwangu nikajaribu kufanya kazi, na asubuhi iliyofuata likaja jibu la yule mama, na naliandika hapa kama lilivyokuwa: "Marahaba mwanangu. Dawa nimemeza. Huyo mwenzako uliyeniambia, mwambie na yeye ale, mkate mkavu haumtoshi mtu anayefanya kazi." Shangazi, niliuweka mkate wangu chini. Nikaangalia nakala ya salamu iliyotoka siku hiyo, ni ile ile ya siku zote, shikamoo, nimeamka salama, ule kabla ya dawa, hakuna mwenzangu, hakuna mkate. Habari ya mkate haijui mtu, hata dobi nilimdanganya.

Nikamfuata Swichi nikamwambia nahama leo leo. Hakubishana. Akasema namba nyingine anayo, safi, mpya, ila ni baridi kabisa, lazima niipashe mwenyewe kabla kazi hazijapita. Akaniuliza, "Una nani ambaye ukimwandikia kila siku atakujibu kila siku?"

Nikafungua mdomo nimtajie, nikakosa. Wateja siwezi kuwasumbua. Marafiki tuliachana na kusalimiana zamani. Mama yangu yupo hai, tena ni katibu muhtasi mstaafu, barua pepe anaijua kuliko mimi, lakini hatusemezani tangu msiba wa baba, kwa sababu mbele ya mashangazi zangu wote alisema huyu wangu ameolewa na kompyuta, wakacheka, nikaondoka, na nangoja aniombe radhi. Hayo sikumwambia Swichi. Nilimwambia nitafikiria, nikatoka. Sikumwambia mtu yeyote, Shangazi, wala sikuandika popote.

Jana jibu limekuja hivi: "Marahaba mwanangu. Nimesikia habari ya mwenzako na mama yake. Mwambie wapo watu wangetoa chochote waamkiwe na mtu mwenye mwili."

Naogopa kubaki na naogopa kuhama. Nikibaki, sijui nakaa na nani. Nikihama, kazi zangu zitarudi kwenye taka na safari hii sina akiba ya kungoja. Na yule mama je, nimwache aendelee kuitikia kitu ambacho hakipo, au nimwambie, nimwambie nini sasa? Nimefika mwisho wa akili yangu. Nisaidie.

Mfasiri, juu ya dobi.

SHANGAZI ANAJIBU

Mfasiri, nimekusoma mpaka mwisho na sikucheka, ingawa uliniruhusu. Pole. Mtu akipoteza barua za baba yake kwa sababu ya mashine asiyoweza hata kuigombeza, ana haki ya kutafuta kufuli lake mwenyewe. Hilo sikulaumu.

Lakini hebu tazama ulivyoandika. Habari za namba baridi, namba moto, namba chafu, umenipa karibu ukurasa mzima. Mama yako umempa sentensi moja, tena ukaifuata na kusema hayo hukumwambia mtu. Wewe unafasiri maneno ya watu kutwa, unajua kabisa kwamba mtu anachokipitia haraka ndicho kinachomuuma. Umekuja kwangu na mzimu ili nisiulize habari za mama.

Basi twende taratibu. Yule mama mwingine hadanganywi na mtu. Amemzika mwanawe, udongo ameushika kwa mkono wake. Asubuhi yake alipoandika marahaba alijua anachokifanya. Wewe ndiye uliyekuwa unadhani kuna mtu porini. Kwa hiyo usiende kwake na uso wa kuleta habari, utamtia aibu bure. Nenda, lakini nenda kama mgeni. Swichi anapajua, alikwenda mazikoni. Piga hodi, mwamkie kwa mdomo wako, kaa anapokukaribisha, na akikuletea chakula ule ukimalize. Ukitaka kumuuliza mwenzako anayesemwa ni nani na aliambiwa na nani, muulize mkiwa mmeshiba. Akikuonyesha simu yake, soma. Asipokuonyesha, usiombe.

Kuhusu Swichi, mimi nilianza kwa kumshuku yeye, na bado sijamaliza. Mzee mwenye funguo za mashine zote anaweza kuandika chochote kwa jina la yeyote, akakufanya uogope kubaki na uogope kuondoka. Kodi ikiwa ndogo kuliko mashuka, uliza mara mbili. Ila nimejiuliza habari ya mkate angeijulia wapi, na ya mama yako, nikakosa jibu, na mimi sipendi kumtia mtu hatiani kwa sababu tu nimekosa jibu.

Sasa la kufanya, na ulifanye wiki hii. Kachukue ile namba mpya. Lipa inavyostahili, uache kutafuta cha bure, cha bure ndicho kilichokufungia mlango mara ya kwanza. Kila barua yako iwe na nakala nyumbani, kwenye kifaa unachoweza kukishika na kukificha kabatini. Mashine ya Mpimaji mwachie Mpimaji, na mwambie Swichi asiizime mpaka mama mwenyewe aseme. Wateja wako waarifu kwa simu kwamba kwa muda watafute kazi zako kwenye kapu la taka. Ndiyo, kwa simu, kwa sauti. Hawatakula sikio lako.

Namba mpya inataka mtu wa kuipasha moto, atakayejibu kila siku bila kukosa. Ulipoulizwa unaye nani ulinyamaza, na ulinyamaza kwa kiburi, maana jibu ulikuwa nalo. Alisema umeolewa na kompyuta. Ni neno baya na alilisema mbele ya watu. Mimi ningekuwepo ningemkanya pale pale. Lakini alikuwa amemzika mume wake wiki hiyo, na binti yake bila shaka alikuwa amekaa pembeni na mashine mapajani, na sidhani kama yeye alikuwa anachekesha. Nadhani alikuwa anakuita. Unangoja radhi ya katibu muhtasi aliyeandika barua za radhi za mabosi wake maisha yake yote. Utangoja sana. Barua ya kwanza kutoka kwenye namba mpya iende kwake. Usieleze, usijitetee, usiambatishe kitu. Mwamkie tu. Kama ni mama wa kawaida ataitikia, na kesho yake umwamkie tena. Siku ya kwanza barua inaweza kuangukia kwenye taka, kwa hiyo uende pia kwa miguu, ukamwambie aitafute humo. Ukifika, mwamkie hapo hapo mlangoni.

Na ule. Huna haja ya kuambiwa hilo na watu wote hawa.

Kuna jambo la mwisho ambalo nilitaka nisiliandike, na mhariri wangu angefurahi nisingeliandika. Umesema kwenye nakala zako yale maneno huwa huyaoni, wanayaona wanaopokea tu. Basi mimi nimepokea. Barua yako ilipofika hapa ofisini, nimeichapisha juu kama ulivyoiandika, mpaka pale ulipoandika Mfasiri, juu ya dobi. Lakini haikuishia hapo. Chini yake kuna mistari mingine, kwa herufi zile zile zako, nami nakunakilia:

"Shikamoo Shangazi. Samahani kwa kuingilia barua ya mtu. Mwenzangu hajala tangu jana. Mama yake anamwandikia kila asubuhi kwenye kile kikasha kilichofungwa, hajui kwamba kimefungwa, anadhani hajibiwi. Mimi siwezi kufika huko. Mwambie."

Nimekaa na mistari hiyo kutwa nzima. Nimewaita wawili wa ofisini waisome, wakaisoma, mmoja akarudi mezani kwake akaifunga kompyuta yake. Mimi ni mtu mzima, nina miaka mingi kwenye kazi hii, nimeandikiwa na walevi na waongo na wanaume waliojifanya wajane, na barua ya namna hii ningeitupa. Tena umenieleza mwenyewe kwamba kuitikia ndiko kunakoiweka ile namba na moto. Nikajiapiza sijibu.

Lakini nimeamkiwa, na sikulelewa kuiacha shikamoo chini. Kabla sijafunga ofisi nilifungua barua yako, nikabonyeza pa kujibu, nikaandika maneno matatu nikatuma. Wewe huenda hutayaona, kwa hiyo nayaweka na hapa.

Marahaba, mwanangu. Nimemwambia.